Kisigino na Kidole: Gia ya Pikipiki Ilivyobadilika Kolo

Siku hizi, pale Kolo ambapo lami ya Dodoma–Babati inaachana na njia ya kwenda kwenye michoro ya miambani, pikipiki zilizopangwa kijiweni karibu zote zina pedo ya gia yenye ncha mbili. Moja iko mbele, chini ya vidole. Nyingine iko nyuma, chini ya kisigino. Dereva anakanyaga mbele, gia inaingia. Anakanyaga nyuma, inaingia nyingine. Hainui kitu kwa vidole. Vijana wengi wa kijiwe wanadhani pikipiki imekuwa hivyo tangu iumbwe. Sisi tuliokulia hapa miaka ya 1980 tunajua kwamba gia hii ya kisigino imekuja na watu wake na barabara yake, na kwamba kuna mahali inaponyanyua kazi ya dereva na mahali inapomwangusha. Nataka kuieleza safari hiyo, maana naona watu wananunua pikipiki kwa kuangalia rangi ya tenki na bei, na kile kipande cha chuma ambacho mguu wa kushoto utashinda nacho kutwa hakuna anayekiuliza.

Utotoni mwangu pikipiki ilikuwa chombo cha serikali au cha mradi. Mwananchi wa kawaida alikuwa na baiskeli, na hiyo nayo kwa waliobahatika. Waliopita na pikipiki walikuwa mabwana shamba, mabwana afya na mabwana misitu. Wilaya yetu ya Kondoa ilikuwa na sababu ya pekee ya kuwa nao wengi. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, ili kuponya vilima vyetu vilivyochanwa na makorongo. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Wazee wetu waliwahamisha ng'ombe na mbuzi kwa uchungu mkubwa, na kwa miaka mingi mlio wa pikipiki ukisikika bondeni, mtu mwenye mbuzi wa kujificha alijua kuna jambo. Kwa hiyo pikipiki za kwanza kuzoewa na masikio yetu zilikuwa zile ndefu za kazi ya porini, Honda XL na Yamaha DT, zenye matairi ya meno makubwa na madigadi yaliyoinuliwa juu.

Hizo gia yake ilikuwa ya ncha moja. Ili kushusha unakanyaga, ili kupandisha unaingiza vidole chini ya pedo na kuinua. Kwa mtu mwenye buti gumu ni kazi nyepesi. Bwana misitu ulimtambua hata akiwa ameiacha pikipiki nyumbani: kiatu chake cha kushoto kilikuwa na doa jeusi juu ya vidole, ngozi imelika pale pedo inapogusa, na cha kulia kizima kabisa. Waliojali viatu vyao walikata kipande cha mpira wa tairi ya ndani ya baiskeli wakaivalisha ile ncha. Masika yakiingia, bwana shamba alivaa gambuti, na hapo shida ilianza. Gambuti ni nene mbele, halipenyi vizuri chini ya pedo, na likipenya halihisi kama gia imeingia au bado. Nakumbuka jinsi walivyokuwa wakiinamisha kichwa kutazama mguu wao katikati ya matope, wakati macho yanahitajika njiani.

Hata hivyo watengenezaji wa pikipiki zile walijua walichokifanya. Pikipiki ya porini huanguka. Ikiangukia upande wa kushoto juu ya jiwe, chuma chochote kinachotokeza hugonga, na chuma hicho kimefungwa kwenye shafti inayotoka ndani ya injini. Pedo fupi ya ncha moja, ambayo mara nyingi ncha yake hujikunja ikigongwa, huokoa shafti. Tena dereva wa porini husimama juu ya vikanyagio anapovuka mawe, na mguu wake unahitaji nafasi ya kurudi nyuma. Ukiweka chuma nyuma ya kisigino chake, umemwekea mtego. Kwa milima ya Irangi, kwa watu wenye mabuti, na kwa kazi ya kushuka makorongoni kupima matuta, ncha moja ilikuwa sahihi.

Gia ya kisigino mimi niliiona mara ya kwanza kwenye pikipiki ya mjomba wangu. Alikuwa mwalimu, na alikuwa na Honda tisini, ile ndogo yenye fremu iliyoshuka katikati na kinga nyeupe mbele ya miguu. Ukoo wa pikipiki hiyo ni mkubwa kuliko wa pikipiki nyingine yoyote duniani: Honda waliitoa Super Cub ya kwanza mwaka 1958, na kufikia 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100. Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walitaka chombo ambacho mtu wa kawaida ataweza kukiendesha bila mafunzo marefu, hata kijana wa kupeleka chakula nyumba kwa nyumba aliyeshika mzigo kwa mkono mmoja. Ndiyo maana haina mkono wa klachi. Klachi inajiachia yenyewe ndani mguu unapokanyaga pedo ya gia, na pedo hiyo ina ncha mbili: mbele unapandisha, nyuma unashusha.

Sisi watoto tulikuwa tunaishangaa kwa jambo jingine. Mjomba aliiendesha akiwa amevaa kanzu na makubazi. Siku ya Ijumaa, alipokuwa akienda msikitini, alipitisha mguu katikati ya fremu bila kuunyanyua juu ya kiti, akakusanya kanzu yake magotini, akakanyaga na kuondoka. Makubazi yake yalifika msikitini safi. Bwana misitu asingeweza kufanya hivyo na XL yake hata kwa kubembelezwa. Mjomba alikuwa akisema, "Hii imetengenezwa na mtu anayejua kwamba si kila mwenye safari ana buti." Naiweka kauli hiyo hapa kwa sababu hadi leo sijasikia hoja nzuri kuliko hiyo kuhusu gia ya kisigino.

Miaka ya 1990 naipita haraka. Miradi ilipungua, pikipiki za serikali zilichakaa na kubaki zimeegemezwa ukutani bila tairi, na Honda ya mjomba iliuzwa Babati. Tulisafiri kwa malori ya mazao na kwa mabasi yaliyokuwa yakifika yamebadilika rangi kwa vumbi.

Kisha zikaja bodaboda. Kwetu zilianza kuonekana kwa wingi kuelekea mwaka 2010, mwaka ambao serikali ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Zilitoka China kwanza, majina tuliyoyajifunza kwa kuyasoma kwenye matenki: SanLG, T-Better, Toyo. Baadaye zikaja za India, Boxer na TVS, zikatawala. Nyingi kati ya hizo zilishuka kutoka kwenye maboksi zikiwa na pedo ya ncha mbili. Hakuna aliyekaa Kolo akaamua. Uamuzi ulifanyika mbali, huko India na China, ambako mamilioni ya watu huendesha kwenda kazini wakiwa na kandambili, makubazi au viatu vya ofisini, na mtengenezaji anajua kwamba mteja hatakubali kiatu chake kiharibike. Ikatokea kwamba mahitaji ya mtu wa kule na ya mtu wa hapa yamefanana.

Maana tazama miguu ya Kolo. Mchungaji, mkulima wa alizeti na mbaazi, kijana aliyeacha shule akakabidhiwa pikipiki ya bosi kwa hesabu ya kila siku: wote hao wamevaa katambuga au ndala. Katambuga zimekatwa kwenye tairi la gari na zina kanda mbili au tatu tu juu. Vidole viko nje. Ukimpa mtu huyu pikipiki ya kuinua gia kwa vidole, chuma kinakaa juu ya kucha ya kidole gumba au kwenye ngozi tupu nyuma yake. Kwa safari moja si kitu. Lakini dereva wa bodaboda habadilishi gia kwa safari moja. Anasimama kila kona kupakia, anaanza namba moja, mbili, tatu, anapunguza kwa ajili ya tuta au mbuzi, anaanza tena, tangu alfajiri hadi usiku. Nimeona vidole vya vijana vilivyopasuka na kufungwa matambara kwa sababu ya pedo za kuinua. Pedo ya nyuma ilipokuja, vidonda hivyo vilipungua kijiweni, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kuna jambo la mwili pia. Kuinua kitu kwa vidole vya mguu ni kazi ya misuli ya mbele ya muundi, ambayo kwa watu wengi ni midogo na huchoka mapema. Kukanyaga kwa kisigino ni kazi ya mguu mzima, uzito wenyewe unasaidia. Mtu mzima mwenye maumivu ya kifundo, mtu aliyewahi kuvunjika mguu, mtu aliyeshinda shambani na sasa anarudi na gunia la mahindi nyuma, atakuambia tofauti yake bila kuhitaji maelezo ya fundi. Nimeona wazee waliokuwa wamekata tamaa ya pikipiki wakirudi barabarani kwa sababu ya kile kipande cha nyuma.

Na wanawake. Zamani sikuwahi kumwona mwanamke wa Kolo akiendesha pikipiki. Sasa wapo: wauguzi, watendaji, walimu, wafanyabiashara wa mnadani. Mmoja wao, muuguzi, aliniambia kwamba alijaribu kwanza pikipiki ya mradi yenye gia ya kuinua akashindwa, viatu vyake vya kazini ni vyepesi na chuma kilikuwa kinamuumiza. Alipopata yenye ncha mbili akakutana na tatizo jingine: mguu wake ni mdogo, na kisigino hakifiki kwenye pedo ya nyuma mpaka auondoe mguu wote kwenye kikanyagio na kuurudisha nyuma. Kwa sekunde hiyo mguu wake uko hewani. Dereva mwenye mguu mkubwa ana shida iliyo kinyume: buti lake linabanwa kati ya ncha mbili, na akishtuka kidogo anaigusa moja bila kukusudia.

Haya yote yana dawa rahisi ambayo karibu hakuna anayeitumia. Pedo ya gia imefungwa kwenye shafti yenye meno madogo, na imebanwa kwa nati moja. Spana namba kumi inatosha kwa pikipiki nyingi. Unailegeza, unaichomoa, unaizungusha jino moja mbele au nyuma, unairudisha na kuikaza vizuri. Jino moja tu linashusha pedo ya nyuma na kuinua ya mbele kiasi cha kumfaa mtu mwenye gambuti au mwenye mguu mfupi. Fundi mmoja hapa Kolo, mtu mwenye subira, humkalisha mteja juu ya pikipiki akiwa na viatu vyake vya kila siku, akampimia kama fundi cherehani anavyompima mtu suruali. Wengine hawafanyi hivyo. Pikipiki inatoka dukani kama ilivyofungwa kiwandani, inauzwa, na dereva anauzoesha mguu wake chuma badala ya kukizoesha chuma mguu wake.

Nati hiyo ikiachwa ilegee, gia ya kisigino ina ubaya ambao ya ncha moja haina kwa kiwango hicho. Mguu mzima unakanyaga kwa nguvu, na chuma cha nyuma ni kirefu, kwa hiyo meno ya shafti yanasagwa haraka. Yakishaisha, pedo inazunguka bure. Hapo mafundi wengi wa njiani huichomelea pedo kwenye shafti moja kwa moja, na kuanzia siku hiyo hakuna kurekebisha tena, na siku sili ya oili itakapovuja kazi itakuwa kubwa mara tatu. Mkanyago wa kishindo ndio unaoleta hayo. Gia haihitaji kupigwa teke, inahitaji kusukumwa mpaka ikae na kisha mguu uachie.

Sasa nije kwenye mchanga. Lami imefika Kolo, lakini Kolo si lami tu. Wageni wanaokuja kuangalia michoro, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, mara nyingi wanakodi bodaboda kwenda Mungomi wa Kolo. Njia hiyo inaacha barabara kuu, inavuka mchanga wa mto mkavu, kisha inapanda mawe hadi mahali ambapo lazima ushuke utembee. Kuna njia ya Pahi, na kuna vijia vya kwenda mashambani ambavyo havina hata jina. Kwenye mchanga mzito dereva hushusha miguu yote miwili kama anayetembea huku ameikalia pikipiki, na pikipiki inakwenda polepole kwa namba moja. Hapo chuma cha nyuma kinamgonga nyuma ya muundi, au mguu unaporudi unakikanyaga, gia inabadilika bila ruhusa, na injini inazima katikati ya mto. Kwenye mawe hali ni mbaya zaidi, maana ncha ya nyuma hukwama kwenye jiwe na kupinda, na nimeeleza tayari kinachoipata shafti.

Vijana wanaofanya kazi ya njia hizo walijifunza wenyewe la kufanya. Wanachukua msumeno wa chuma wanakata ncha ya nyuma, wanalainisha pale palipokatwa kwa tupa, wanabaki na ncha moja ya mbele. Kisha wanavaa viatu. Hilo la pili ndilo muhimu na ndilo wanaoiga hawalioni. Nimekutana na madereva waliokata kwa sababu wenzao wamekata, nao wanashinda kwenye lami na ndala miguuni. Wamejirudishia tatizo la bwana misitu bila kuwa na buti la bwana misitu.

Yote hayo, vidole, kanzu, mchanga, ni ya starehe na ya matengenezo. Liko moja linaloua, nalo linahitaji maneno zaidi.

Mpangilio wa gia haufanani. Kuna pikipiki ambazo namba moja iko chini na zilizobaki ziko juu: unakanyaga mbele mara moja kuingiza namba moja, kisha unakanyaga nyuma, nyuma, nyuma kwenda mbili, tatu, nne, na tano kama ipo. Kuna nyingine ambazo gia zote ziko chini: unakanyaga mbele kupandisha zote, na kisigino kinashusha, kama ilivyokuwa Honda ya mjomba. Kwa hiyo kisigino kwenye pikipiki moja maana yake ni kuongeza, na kwenye nyingine maana yake ni kupunguza. Pikipiki hizo mbili zinaweza kuwa zimesimama bega kwa bega kijiweni, na pedo zake kwa macho ni zile zile.

Fikiria sasa kijana deiwaka, ambaye hana pikipiki yake. Leo anaendesha ya mtu huyu, kesho ya yule. Anateremka kutoka Bereko akiwa na abiria wawili, ule mshikaki tunaoukataza na kuupanda sisi wenyewe. Mteremko unakaza. Anataka kushusha gia ili injini isaidie breki. Mguu wake unafanya ulichokizoea jana. Badala ya kushuka, gia inapanda, injini inalegea, na pikipiki inapata mbio wakati ambapo breki ya nyuma tayari imepata moto. Au kinyume chake: anataka kupandisha akiwa kwenye kasi, anashusha, na tairi la nyuma linajifunga kwa ghafla. Baadhi ya injini za bei nafuu gia zake huzunguka, ukipita ya mwisho unarudi frii kisha namba moja. Mtu akikosea hesabu hapo, hana nafasi ya kurekebisha. Kijana wa jirani yetu alipata ajali ya namba hii kwenye mteremko, akiwa kwenye pikipiki aliyokabidhiwa asubuhi hiyo. Alipona, abiria wake alivunjika mkono. Watu walisema ni mwendo kasi. Yeye mwenyewe, alipoweza kueleza, alisema mguu ulikanyaga kule ulikozoea.

Pedo ya ncha moja nayo ina tatizo hili la mpangilio, lakini kwa uzoefu wangu kisigino hulizidisha. Ukiwa na ncha moja, kukanyaga na kuinua ni vitendo viwili tofauti kabisa, na mwili unakumbuka tofauti. Ukiwa na ncha mbili, vyote ni kukanyaga. Kitendo kimoja, maana mbili, na mtu aliyechoka huchanganya.

Na lami imeongeza uzito wa jambo hili. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi na Rais John Magufuli mwezi Aprili 2018. Ni neema kubwa, na sisi tuliokula vumbi la barabara ile hatuwezi kuisema vibaya. Lakini enzi za vumbi pikipiki ilikuwa ikienda polepole, na kosa la gia liliishia kwa kuzimika injini na abiria kucheka. Sasa kosa lile lile linatokea mbele ya basi la Arusha. Pikipiki ile ile, pedo ile ile, imehamia kwenye barabara ya aina nyingine.

Si mara ya kwanza dunia kukutana na mkanganyiko kama huu. Mwaka 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, chini ya Jenerali van Deventer, yalifika Kondoa kupigana na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Katika kampeni ile ya Afrika Mashariki, upande wa Waingereza ulikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Pikipiki nyingi za enzi hizo zilibadilishwa gia kwa mkono, kwa mti wa chuma kando ya tenki, dereva akiuachia usukani upande mmoja ili kuufikia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Velocette wa Uingereza walileta gia ya mguu ambayo kila mkanyago ni hatua moja na pedo inarudi katikati yenyewe, na huo ndio msingi wa gia zote tunazokanyaga leo. Harley-Davidson wa Marekani waliingia kwenye gia ya mguu mwaka 1952. Kwa miaka mingi Waingereza waliweka gia kulia na breki kushoto, Wajapani wakaweka kinyume, na mtu akihama kutoka pikipiki moja kwenda nyingine alikanyaga gia akidhani ni breki. Katikati ya miaka ya 1970 Marekani iliagiza kwa sheria gia ikae kushoto, na kwa kuwa soko lake lilikuwa kubwa, karibu dunia nzima ikafuata. Leo hakuna kijana wa Kolo anayeuliza gia iko upande gani. Lilimalizwa kwa kuamuliwa. La kisigino halijaamuliwa na mtu.

Pikipiki za umeme zinaanza kuingia mijini, na hizo kwa kawaida hazina gia kabisa. Siku zitakapofika huku milimani na mahali pa kuchajia, mjadala huu utakuwa wa wazee. Lakini kijana anayeanza kazi mwaka huu ataanza na Boxer au TVS, na mguu wake hauwezi kusubiri.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa bodaboda wa lami, mwenye katambuga, ndala au viatu vya ofisini, gia ya kisigino inamfaa kuliko ile ya kuinua, na asikubali kudanganywa aikate. Kwa anayepeleka wageni Mungomi, anayepanda njia za Pahi, anayevuka mito ya mchanga kila siku, ncha moja inamfaa, mradi avae buti au raba ngumu. Kwa mwenye mguu mdogo au mkubwa kupita kiasi, asinunue kabla ya kukaa juu ya pikipiki akiwa na viatu vyake na kuomba pedo isogezwe jino moja.

Na ninyi wenye pikipiki mnaowakabidhi vijana kila asubuhi, na ninyi wauzaji wa Kondoa na Dodoma: bandikeni mpangilio wa gia juu ya tenki, kwa rangi isiyofutika, mahali macho ya dereva yanapofika. Walimu wa udereva wasimpeleke mwanafunzi kwenye mtihani wa daraja A akiwa amejifunzia pikipiki ya mpangilio mmoja tu. Shirika la Viwango, TBS, na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, wanaweza kulifanya hilo kuwa sharti la kila pikipiki ya biashara inayoingia nchini, kama kioo cha pembeni na taa ya nyuma. Gharama yake ni stika moja. Wewe dereva, ukipewa pikipiki usiyoijua, kabla hujapakia abiria ipandishe na uishushe gia zote mahali tambarare, mpaka kisigino chako kijue kinasema nini.